Namba 1 hadi 128: jinsi ya kuisoma menyu ya mgahawa wa Kivietnam

Umeketi. Mezani kuna kopo la vijiti na vijiko, boksi la tishu, chupa nyekundu, chupa nyeusi. Hujavua hata koti, mhudumu ameshaweka birika la chai na menyu iliyovikwa plastiki. Inaanzia namba 1 na kuishia 128, na kila neno limejaa vijimkia, vikofia na nukta juu na chini ya herufi. Dakika mbili baadaye mhudumu amerudi, kalamu mkononi. Hapo wengi wetu tunaponea neno moja tunalolijua, tunasema "phở" kwa matamshi ya kubahatisha, na tunaishia kula bakuli lile lile miaka nenda rudi.

Nami nilikuwa hivyo. Kilichonifungua macho si kuwa mjuzi wa mapishi, ni kugundua kwamba ile menyu si ndefu hata kidogo. Ina maneno kama ishirini tu, yanapangwa na kupanguliwa mpaka yanafika 128. Ukishayajua hayo ishirini, unasoma.

Tuanze na ukurasa wa phở, maana ndio unaotisha bila sababu. Phở ni chakula kimoja: tambi bapa za mchele, supu ya mifupa, nyama juu yake. Sasa kwa nini ichukue namba 1 hadi 16? Kwa sababu kila namba ni mchanganyiko tofauti wa nyama ile ile ya ng'ombe, ambaye kwa Kivietnam ni bò. Tái ni vipande vyembamba vinavyowekwa vikiwa vibichi na kuivishwa na moto wa supu pale pale bakulini. Chín ni nyama iliyokwisha kuiva. Nạm ni ya ubavuni, gầu ni ya kidari yenye mafuta yake, gân ni kano zilizochemshwa hadi zikawa laini kama jeli. Viên ni vidonge: nyama iliyotwangwa na kufinyangwa. Na sách, neno ninalolipenda kuliko yote hapa, maana yake ni kitabu. Ni ile sehemu ya tumbo la ng'ombe yenye kuta nyembamba zilizopangana. Ukiinyanyua kwa kijiti unaona kurasa, na jina halihitaji maelezo tena.

Nyama hizo saba, ukizichanganya kila namna inayowezekana, zinatoa mabakuli 127. Mgahawa uliochapisha 16 umejizuia sana. Na pale wanapoandika đặc biệt, "maalumu", wanakuambia tu kwamba wametia karibu kila kitu. Ukubwa nao una maneno yake: tô nhỏ ni bakuli dogo, tô lớn ni kubwa, na baadhi ya migahawa ina xe lửa, yaani treni. Ukiagiza treni, njoo na njaa.

Kurasa zinazofuata zinafuata kanuni moja. Neno la kwanza linataja wanga, linalofuata linataja nyama, la tatu linasema imepikwaje. Bún ni tambi nyembamba za mviringo za mchele, mara nyingi huliwa bila supu, zikiwa na majani mabichi chini na nyama juu. Cơm ni wali. Cơm tấm ni wali wa chenga, zile punje zilizovunjika kinuni ambazo zamani walizila wasioweza kununua mchele mzima, na leo watu wanazifuata kwa hiari yao. Mì ni tambi za ngano, miến ni zile zinazong'aa kama kioo. Hủ tiếu ni tambi za kusini zilizoletwa na Wachina wa Teochew, na ukiona hủ tiếu Nam Vang, ujue Nam Vang ni jina la Kivietnam la Phnom Penh: chakula kimepita Kambodia kabla ya kukufikia.

Neno bánh ndilo linalovuruga watu, kwa kuwa halina mwenzake mmoja kwenye Kiswahili. Karibu kila kitu kilichotengenezwa kwa unga kinaitwa bánh. Bánh mì ni mkate. Bánh tráng ni karatasi kavu za mchele zinazoloweshwa na kuviringishiwa chakula. Bánh cuốn ni vitandiko vyepesi vya mvuke vyenye nyama ndani. Bánh xèo ni chapati nyembamba ya unga wa mchele na manjano, iliyokunjwa katikati, na xèo ni sauti tu: ule mchachariko wa uji wa unga unapogusa kikaango cha moto.

Kisha mapishi. Nướng ni kuchoma, chiên ni kukaanga kwenye mafuta (watu wa kaskazini watasema rán), xào ni kukaanga haraka huku ukigeuzageuza, hấp ni mvuke, luộc ni kuchemsha. Kho ni kupika polepole kwenye mchuzi mzito wenye chumvi na utamu mpaka nyama ibadilike rangi. Tahadhari: khô, yenye kikofia, ni "kavu", na ukiona hủ tiếu khô maana yake tambi zinakuja bila supu, supu ipo pembeni kwenye kibakuli. Kofia moja tu, na chakula kimekuwa kingine.

Sasa jaribu mwenyewe namba 47: bún thịt nướng chả giò. Tambi nyembamba, nyama ya kuchoma, na chả giò ni zile roli za kukaanga, ambazo kaskazini zinaitwa nem rán. Umesoma. Lakini hapa kuna mtego kwa asiyekula nguruwe. Thịt maana yake ni nyama, nyama tu, ila ikisimama peke yake bila jina la mnyama, kwa kawaida ni ya nguruwe. Nguruwe mwenyewe anaitwa heo kusini na lợn kaskazini, na majina yote mawili yanaweza yasionekane popote kwenye mstari huo. Chả giò nazo mara nyingi zina nguruwe ndani. Kwa hiyo tafuta bò, gà (kuku), tôm (kamba) au cá (samaki), na kama unajali, uliza. Neno chay linamaanisha chakula kisicho na nyama wala samaki. Wabudha wengi wa Vietnam hula hivyo siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo. Bila neno hilo, hata sahani iliyojaa mboga inaweza kuwa imeogeshwa kwenye mchuzi wa samaki.

Kuhusu namba zenyewe. Kivietnam kina toni: cá ni samaki, cà ni familia ya bilinganya na nyanya, na tofauti ni jinsi sauti inavyopanda au kushuka. Maandishi ya herufi za Kilatini yalianza kutengenezwa na wamisionari katika karne ya 17, na kamusi ya mmoja wao, Alexandre de Rhodes, ilichapwa Roma mwaka 1651. Ndiyo maana herufi zinaonekana za kawaida lakini zimebeba alama za ziada, nyingine za irabu, nyingine za toni. Mgeni akijaribu kusema "phở tái gân" kwa toni zake mwenyewe, mhudumu anaweza kusikia kitu kisichokuwepo duniani. "Nipe namba 6" haina toni. Namba ni daraja, usione haya kulivuka. Ila kama unataka kujaribu: ph ni f, đ yenye mstari ni d yetu, d isiyo na mstari ni z kaskazini na y kusini, na irabu ya phở haiko kwenye Kiswahili, iko kati ya e na a, karibu zaidi na "fa" kuliko "fo". Sauti inashuka kidogo kisha inapanda, kama mtu anayeuliza jambo asilolisadiki.

Nilikuwa najiuliza jiko dogo namna ile, wapishi watatu, linawezaje kutoa vyakula 128 ndani ya dakika nane. Nilipata jibu siku niliyopewa meza iliyotazama mlango wa jikoni. Nyama ile ile ya kuchoma ilitoka kwenye moto mmoja: sahani ya kwanza ikalazwa juu ya bún, ya pili juu ya wali wa chenga, ya tatu ikaingia ndani ya mkate, ya nne ikaviringishwa kwenye karatasi ya mchele. Karoti na figili zilizolowekwa kwenye siki zilitoka ndoo moja na kwenda pande zote nne. Supu kubwa ilikuwa kwenye sufuria mbili, ya ng'ombe na ya kuku. Kazi kubwa ilikuwa imefanyika usiku na alfajiri. Mchana ilikuwa kupanga tu.

Na ile supu ndiyo kazi yenyewe. Mifupa ya ng'ombe inachemshwa kwanza na maji yake kumwagwa ili kuondoa damu na povu, kisha inaanza upya kwa moto mdogo kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Kitunguu na tangawizi vinachomwa kwenye moto mpaka ngozi iwe nyeusi, vinaparuliwa, vinatumbukizwa. Zinafuata karafuu, mdalasini, iliki kubwa nyeusi, mbegu za giligilani na anisi ile yenye umbo la nyota. Mwisho, mchuzi wa samaki. Supu iliyopikwa kwa haki ni angavu, unaona tambi chini ya bakuli. Harufu inakufikia kabla ya kijiko.

Lakini kuna jambo ambalo Mvietnam aliyetoka nyumbani juzi analiona ajabu: mgahawa mmoja unaouza kila kitu. Nchini kwao, kibanda kinachojiheshimu kinapika kitu kimoja. Anayeuza phở anauza phở, na bún chả unaifuata mtaa mwingine, kwa mtu mwingine. Mei 2016 Barack Obama na Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji wa Marekani, walipokaa kwenye viti vidogo vya plastiki huko Hanoi, walikaa mahali pa bún chả: nyama ya nguruwe ya kuchoma ikielea kwenye mchuzi wa uvuguvugu, tambi pembeni za kuchovya. Ughaibuni, mgahawa mmoja unabebeshwa nchi nzima, kaskazini, kati na kusini, maana mteja mwenye hamu ya chakula cha mji wa Huế hana mtaa wa pili wa kwenda. Urefu wa menyu ni urefu wa safari ya wenye mgahawa.

Safari hiyo inaonekana hata kwenye bakuli. Phở ilizaliwa kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20, Hanoi na mkoa wa Nam Định, wakati Wafaransa, watawala wa enzi hizo, walipokuwa wakichinja ng'ombe kwa ajili ya nyama, na mifupa ikabaki ikitafuta mpishi. Kuna wanaosema jina limetokana na "feu" ya Kifaransa, yaani moto, kuna wanaolirudisha kwa wachuuzi Wachina na neno lao la tambi za mchele; ubishi huo ni mtamu na hautaisha leo. Mwaka 1954 mkataba wa Geneva ukaigawa nchi, na watu wanaokaribia milioni moja wakahama kaskazini kwenda kusini. Phở ikahama nao. Saigon, jiji kubwa la kusini ambalo leo ni Ho Chi Minh City, kuna joto, majani na sukari, na bakuli likabadilika: yakaongezwa machipukizi ya choroko, rehani, mchuzi mweusi mtamu, na supu yenyewe ikawa na utamu zaidi. Saigon ilipoanguka mikononi mwa jeshi la kaskazini mwaka 1975 watu wa kusini wakatawanyika, wengi kwa mashua. Hadi katikati ya miaka ya 1990 karibu 800,000 walikuwa wamefika nchi nyingine salama kwa njia ya bahari. Hao ndio waliofungua migahawa ya Westminster huko California, ambako mtaa wa Little Saigon ulitambuliwa rasmi mwaka 1988, ya Cabramatta mjini Sydney, na kuujaza mtaa wa 13 wa Paris. Ndiyo maana phở ambayo sehemu kubwa ya dunia inaijua ni mtoto wa Hanoi aliyelelewa Saigon. Hata tarakimu kwenye mabango mara nyingi ni kumbukumbu: 54 ni 1954, 75 ni 1975.

Isipokuwa uwe Prague, Warsaw au Berlin mashariki. Huko wengi walifika kwa mikataba ya kazi na masomo kati ya nchi za kisoshalisti, na wengi wao ni watu wa kaskazini. Ujerumani Mashariki peke yake ilikuwa na wafanyakazi wa Kivietnam wapatao 60,000 mwaka 1989. Katika migahawa yao usishangae bakuli likija bila sahani ya majani, likiwa na siki ya kitunguu saumu na vijiti vya unga vilivyokaangwa, quẩy, vya kuchovya. Hawajakunyima kitu. Ni phở ya kaskazini.

Hiyo sahani ya majani, inapokuwepo, ndiyo sehemu ambayo menyu haisemi lolote, na ndipo wageni tunapokosea. Mpishi wa Kivietnam hamalizi chakula, anakukabidhi umalizie. Onja supu kwanza, tupu. Kisha kamua ndimu, chana majani ya rehani kwa vidole na uyatie kidogo kidogo, si yote kwa mpigo, maana yakikaa sana yanakuwa meusi na kupoteza harufu. Lile jani refu lenye meno kama msumeno ni ngò gai, lina harufu ya dhania mara mbili. Machipukizi mabichi yakikusumbua tumbo, omba giá trụng, yaliyopitishwa kwenye maji ya moto. Vijiti mkono wa kulia, kijiko kushoto, na uso karibu na bakuli, hakuna atakayekushangaa. Usivisimamishe tu vijiti wima kwenye wali, vinafanana na ubani wa wafu.

Chupa mbili zile nilizianza vibaya. Mara yangu ya kwanza niliichukua nyeusi, hoisin, na kuimimina kwenye supu mpaka ikawa rangi ya matope. Bibi mmoja meza ya jirani alinitazama kama mtu aliyeona wino ukimwagika kwenye Msahafu. Hakusema neno. Alikisukuma kisahani kitupu mpaka mbele yangu, akamimina nyeusi kidogo, nyekundu kidogo, akachovya kipande cha nyama kutoka bakuli lake mwenyewe, akala. Somo likaisha. Vinachovywa, havikorogwi, japo nimeona Wavietnam wengi wakimimina pia na wala hawaogopi bibi yeyote. Ile nyekundu yenye jogoo, kwa njia, si ya Vietnam: ilianzishwa Los Angeles mwaka 1980 na David Tran, mkimbizi aliyeipa kampuni yake jina la meli iliyomtoa, Huey Fong, akitumia jina la mchuzi wa Kithai, sriracha.

Kibakuli chenye maji ya rangi ya kaharabu kinachokuja na bún si cha kunywa. Ni nước chấm: mchuzi wa samaki uliolainishwa kwa maji, sukari, ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Kwenye bún unaumwagia wote na kukoroga. Kwa chả giò unafunga roli ndani ya jani la saladi, na majani mengine humo humo, kisha unachovya. Mchuzi wa samaki wenyewe, nước mắm, ni dagaa wa baharini na chumvi vilivyokaa kwenye mapipa ya mbao karibu mwaka mzima. Ule wa kisiwa cha Phú Quốc jina lake limelindwa kisheria Umoja wa Ulaya tangu 2012. Harufu yake chupani inatisha. Kwenye bakuli huisikii, ila ukiondolewa utajua.

Ukichoka na namba za mwanzo, ruka hadi bún bò Huế, kama ipo. Inatoka mji wa kifalme wa katikati ya nchi: tambi nene, mchaichai, mafuta mekundu ya pilipili na dagaa-kamba waliochachushwa, mara nyingi na kwato za nguruwe na vipande vya damu iliyoganda. Mimi huipimia mgahawa. Wakiuliza, "Una hakika?" mgahawa huo ni mzuri.

Vinywaji havina ugumu, isipokuwa neno chè: kaskazini linaweza kumaanisha chai, lakini kwenye menyu nyingi ni kitindamlo cha maharage, tui la nazi na barafu ndani ya glasi. Cà phê sữa đá ni kahawa, maziwa ya kopo, barafu. Vietnam ni ya pili duniani kwa kuuza kahawa nje, nyuma ya Brazili, na nyingi ni robusta kali. Maziwa mabichi yalikuwa adimu, kopo likashika nafasi na halikuondoka. Inakuja ikiwa bado inadondoka kupitia kichujio cha bati, tone kwa tone. Iagize mwanzoni mwa mlo.

Kumwita mhudumu, watu wanaita kwa sauti, na wanaita kwa udugu: em ơi kwa aliye mdogo kwako, anh ơi kwa kaka, chị ơi kwa dada, cô kwa anayelingana na shangazi. Kivietnam hakina "wewe" moja ya kumtosha kila mtu; lazima uamue kwanza wewe ni nani kwake. Bili usiisubiri sana. Kumletea mtu hesabu kabla hajaiomba ni kama kumfukuza, kwa hiyo wanakuacha ukae. Inuka, nenda kaunta. Anayekaa pale hatakuuliza ulikuwa meza gani. Atakutazama usoni kidogo, kisha: "47, 91, na kahawa moja?"